Aliyeingia Kinyumenyume

Asubuhi ya Ijumaa ile nilimmwagia Gaudence maji ya kuoshea vyombo. Naanza na hilo kwa sababu wako wanaosema nilimtetea kwa kuwa alinipendeza, na wengine wanasema alinihonga. Hakunipendeza hata kidogo. Alikuwa mpima ardhi, kijana wa mjini anayekaa Miyuji, kofia ya njano kichwani, na nyuma yake alifuatwa na msaidizi wake Thomas aliyebeba kopo la rangi nyekundu na furushi la nondo. Walikuwa wameshapaka alama ya X kwenye nyumba ishirini na sita kabla ya kufika kwetu. Ya ishirini na saba ilikuwa tembe.

Tembe yetu si nyumba ya mtu kuishi. Babu wa babu yangu, Feruzi, alipita huku akiwa mpagazi, kichwani kabeba pembe za ndovu za watu wengine. Miguu ikavimba, msafara ukamwacha afie hapa. Wagogo wakampa maji, hakufa. Alipopata nguvu akajenga nyumba kando ya njia, ili msafara mwingine ukimtupa mtu, mtu huyo apate pa kulala. Ndiyo maana kituo cha basi kinaitwa Kwa Feruzi mpaka leo, ingawa makondakta wanaolitaja jina hilo hawajui ni la nani. Sisi wajukuu wake tumechanganya damu na Wagogo mpaka huwezi kututofautisha ila kwa majina na kwa siku ya Idi.

Kwa nje haina uzuri. Ni ndefu na fupi ya kimo, paa lake bapa, ukisimama ndani kofia inagusa fito. Nguzo zake zina panda juu, za mti mgumu ambao mchwa wameujaribu miaka mia na zaidi wakakata tamaa. Juu ya nguzo kuna mihimili, juu ya mihimili fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo wa kichuguu ulioshindiliwa unene wa mkono toka kiwiko hadi kidole. Zamani ilizunguka ua mzima pande nne. Sasa umebaki ubavu mmoja tu unaotazama barabara, vyumba viwili na mlango mmoja.

Mlango huo ndio unaochekesha wageni, kwa sababu unamfikia mtu mzima kifuani. Feruzi hakukosea kipimo. Anayeingia lazima ainame, atangulize kichwa, na pembeni mwa mlango, ndani, palikuwa na mtu amesimama na rungu. Mwizi aliingiza kichwa akakiacha hapo. Kwa hiyo watu wa nyumbani walifundishwa toka utotoni kuingia kinyumenyume, mgongo mbele, ili mwenye rungu ajue huyu ni wetu. Mimi na mdogo wangu Masudi tulifundishwa hivyo kwa bakora. Hata leo nikiingia dukani mjini nikiwa na mawazo, mwili unataka kugeuka.

Yote hayo nilimweleza Gaudence asubuhi ile, ila habari ya kuingia kinyumenyume sikumwambia, kwa kuwa hiyo ni ya nyumbani. Nilimwonyesha vijiti vya ukutani karibu na mlango na mtungi wa maji chini yake. Nikamwambia, "Mtu akitundika hapa alichoshika mkononi, akanywa maji ya mtungi huu, hata kama ameua, haguswi. Atakaa mpaka mwenyewe aombe ruhusa ya kuondoka, ndipo atarudishiwa chake na kusindikizwa hadi njia panda. Unataka kuipaka rangi nyumba ya namna hiyo?"

Aliandika kwenye simu yake kubwa, akasema kwa upole wa ofisini, "Mama, nakuelewa, lakini ipo ndani ya eneo la barabara."

"Barabara ndiyo iliyoifuata nyumba. Nyumba haikuifuata barabara."

"Hiyo hoja utaipeleka halmashauri, Mama."

Thomas akapaka X ubavuni mwa mlango. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, sina desturi ya kuzozana na mtu mara mbili. Nikabeba karai la maji ya vyombo nikayamwaga yote, yakampata Gaudence toka kofia hadi viatu. Hakunitukana. Alijifuta uso akaondoka, nikabaki nikiitazama ile X na kulia kwa hasira.

Saa nane hivi nikiwa napepeta karanga mbele ya tembe, nilisikia kelele zinatoka upande wa makaburini. Wanaume walikuwa wametoka msikitini na wengine walitoka vilabuni, kwa hiyo dini zote zilikuwepo. Nikamwona Thomas anakimbia barabarani bila kiatu kimoja. Jiwe likampata kisogoni, akapiga magoti, akanyanyuka, la pili likamlaza. Wakamfikia. Niliona jembe linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na mtu wa chini akaacha kuinua mikono. Gari la wapimaji lilishaanza kutoa moshi.

Gaudence alitokea kwenye shamba la zabibu, shati limechanika, damu kwenye sikio. Alikuwa na jaluo mkononi, ile nyundo kubwa ya kugongea nondo, sijui aliishika ya nini maana hakuwa mtu wa kupiga mtu. Alinipita kama sipo, akainama, akatumbukiza kichwa mlangoni. Nikamfuata mbio, kwa mgongo kama kawaida yangu. Nilipogeuka nilimkuta ameshatundika nyundo kwenye kijiti na kata ya maji iko mdomoni. Maji mengi yalimwagikia kifuani, lakini aliyameza. Nilimwona koo linapanda na kushuka.

"Umeniambia mwenyewe asubuhi," akasema.

Nilimchukia kuliko wote waliokuwa nje. Nakiri. Lakini maji alikuwa ameshayanywa, na mimi nilikuwa nimesema.

Nikachukua mchi wa kinu uliokuwa pembeni, wa mninga, mzito, nikasimama mahali pa mwenye rungu.

Walifika wakazunguka nyumba. Walikuwa kama arobaini. Nusu yao nimewafundisha kusoma, na sauti zao nilizijua moja moja. Wa kwanza kusema alikuwa Amiri, mwenye mashine ya kusaga, kijana wa adabu siku zote.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Tutolee huyo mtu."

"Simtoi. Ameshakunywa maji."

Waliijua sheria ile, wazazi wao waliijua. Mzee mmoja nikamsikia anasema, basi tena, ameshakunywa. Sauti nyingine za vilabuni zikamzomea, zikasema sheria za wapagazi zilikwisha na wapagazi. Nikasikia Amiri anasema, "Mwalimu, utuwie radhi," na kichwa chake kikaingia.

Nilimpiga. Sikumpiga kwa kutisha. Nilishusha mchi kwa mikono miwili, ukampata kati ya bega na shingo, nikasikia mfupa umesema. Alipiga yowe, wakamvuta miguu wakamtoa. Damu haikutoka nyingi. Wa pili alikuja na ngao ya sufuria kichwani, nikampiga mkono ulioishika sufuria, nao ukapinda mahali pasipo na kiungo. Baada ya hapo hakuna aliyeingiza kichwa. Mlango wa Feruzi unapitisha mtu mmoja tu, naye hana macho.

Wakajaribu moto. Walirundika majani ya zabibu na matairi ukutani, moshi ukatuingia tukakohoa hadi machozi, lakini udongo hauungui. Wakapanda juu na majembe. Tuliwasikia wanachimba paa, vumbi na nyasi za kale zikaanza kudondoka katika chumba cha pili. Kazi ile haikuwa nyepesi. Udongo wa kichuguu ukishindiliwa unakuwa kama saruji.

Gaudence alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Alipiga simu polisi mara tatu. Walisema wametoka, wapo njiani. Akapiga kwa mkewe, Yasinta, akamwambia atachelewa kidogo kurudi, asimngoje kula. Alipokata akaniambia, "Mama, nikitoka hapa mzima, ile X nitaifuta. Nitasogeza mstari."

"Nyamaza," nikamwambia. "Maji ya hapa hayauzwi. Ungekuwa hata umekuja kuibomoa leo kwa mikono yako ningesimama papa hapa. Usinifanye nionekane nimefanya biashara."

Ndipo nikasikia sauti ya Masudi nje.

Masudi ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alikufa kwa uzazi wake, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, na nikambeba mgongoni mpaka alipokataa kubebwa. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kizota, mjini, na kila Ijumaa huja kijijini kuswali na kumzuru baba kaburini.

"Dada," akasema kwa utulivu. "Unajua wamefanya nini?"

"Wamepaka nyumba rangi."

"Hapana. Wamegonga nondo makaburini. Ile ya katikati ipo juu ya baba. Nimeikuta nilipokwenda kumsomea. Imezama kifuani kwake, Dada. Nimevuta kwa mikono miwili haikutoka."

Nilimgeukia Gaudence. "Ni kweli?"

"Thomas ndiye aliyegonga. Mimi nilisoma mahali kwenye mashine. Mama, hapakuwa na kitu pale, mawe tu na nyasi. Hapakuwa na msalaba hata mmoja."

"Sisi Waislamu. Nani angekuwekea msalaba?"

Akafunika uso kwa viganja. Nami nilisimama pale, baba yangu kapigwa nondo, aliyeielekeza nondo amekaa miguuni pangu na maji yangu tumboni mwake. Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, nilinyanyua mchi. Akauona, wala hakujikinga, akafumba macho tu. Ndipo nikaona kwamba nikimpiga, Feruzi atakuwa ameachwa njiani mara ya pili, safari hii na sisi wenyewe. Nikarudi mlangoni.

"Masudi," nikaita. "Nondo tutaing'oa, kaburi tutalitengeneza. Huyu utamshtaki mahakamani. Lakini mgeni simtoi."

Juu waliendelea kugonga, na mwanga wa jua ukapenya chumba cha pili, tundu la upana wa mabega ya mtu. Kisha Masudi akasema kwa sauti ya juu, wote wasikie, "Basi mimi naingia kukaa na dada yangu. Siwezi kumwacha peke yake. Nyie juu, acheni kwanza." Majembe yakanyamaza.

Nilimpenda sana dakika ile. Nilijiona nimemlea mtu.

Mlango ukafanya giza. Nikanyanyua mchi, kisha nikaona kanzu, kanzu nyeupe ya Ijumaa, inaingia kwa nyuma. Kisigino kwanza, kisha makalio, kisha mgongo uliopinda, kichwa mwisho, vilevile tulivyochapwa mpaka tukajua. Nikauweka mchi chini. Sikuuegemeza hata ukutani. Niliulaza kabisa, nikanyoosha mkono nimshike begani.

Wazee walihesabu kwamba atoaye mgongo anatoa amani. Hawakuhesabu kilichoko tumboni. Mtu aingiaye kinyumenyume huwezi kuona amekumbatia nini, na kanzu ni pana. Masudi alinyooka, akageuka, na panga lilikuwa limeshatoka shingoni mwa kanzu. Hakuniangalia. Alipiga hatua mbili. Gaudence alinyanyua mkono, panga likapita vidole likakata shingo. Akapiga tena, na tena. Chumba ni kifupi, hakuweza kuinua panga juu, kwa hiyo alikuwa anakata kwa upande kama mtu anayefyeka majani, na fito zilikuwa zinamparuza kichwa. Mimi nilipiga kelele, nikamshika kiuno, akanitikisa nikaanguka kwenye ulili, kile kitanda cha miti cha wageni. Nilipoamka Gaudence alikuwa ameinamia upande, miguu inakwaruza sakafu. Ilikwaruza kwa muda. Kisha ikaacha.

Masudi alikuwa anahema, kanzu imekuwa nyekundu toka kifuani hadi magotini.

"Imekwisha," akasema. Kisha akatoa kichwa mlangoni akawaambia wa nje, "Imekwisha. Nendeni."

Walikwenda. Wale arobaini waliokuwa na mioyo ya simba nusu saa kabla walitawanyika wakaacha majembe yao juu ya paa, na mmoja aliacha hata baiskeli.

Masudi akaniinamia. Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto niliyembeba. "Dada, sikiliza. Polisi wakija, sema waliruka kwa juu. Tundu lipo. Watu walikuwa wengi, hukuwatambua. Nani atabisha?"

Kweli, nani angebisha? Tundu lilikuwepo na majembe yalikuwepo.

"Alikuwa mgeni," nikasema.

"Alimchoma baba nondo. Damu nzito kuliko maji, Dada."

"Alikuwa ameshakunywa. Nami nilikuachia upite kwa sababu ulitoa mgongo. Umeniua mimi, Masudi, kuliko ulivyomuua yeye."

Alinitazama, akajua kwamba nitasema. Ananijua. Ndipo alipofanya jambo ambalo bado naliona nikifumba macho. Alirudi ukutani, akalitundika lile panga kwenye kijiti, kando ya nyundo ya Gaudence, likiwa linadondosha. Kisha akachukua kata, akainama kwenye mtungi.

"Basi na mimi ni mgeni wako," akasema. "Hata aliyeua haguswi. Si ndivyo?"

Nilikuwa nimeshaushika mchi. Sikumpiga yeye. Nilipiga mtungi. Ulikuwa wa Feruzi, ulifinyangwa na mwanamke wa Kigogo aliyemnywesha, umekaa pale vizazi vitano na kila mke aliyeolewa nyumbani kwetu alianza kwa kuujaza. Ulipasuka kwa pigo moja, maji yote yakamwagika sakafuni, yakaenda kwa Gaudence, yakachanganyika na damu yake. Kata ilibaki mkononi mwa Masudi, kavu.

Akaketi pale pale kwenye tope. Akaanza kulia, akimwita baba. Mimi nilimfunika Gaudence kwa kitenge changu nikakaa mlangoni, mchi mapajani. Masudi hakujaribu kunipita.

Polisi walifika baada ya dakika ishirini, gari mbili. Aliyeongoza alikuwa afande wa kike, mrefu, akaingia kwa kuinama, kichwa kwanza, akakuta maiti, mtu analia, na mwanamke mtu mzima miguu imelowa. Alitazama tundu la paa. Alitazama majembe waliyoyateremsha askari wake.

"Waliingilia juu?" akaniuliza.

Masudi aliacha kulia. Nje hapakuwa na mtu, ila nilijua nyuma ya kila mlango kuna sikio, na kwamba kesho kijiji kizima kitaniita muuza ndugu. Wananiita hivyo mpaka leo. Kesi bado iko mjini, na tembe imebaki na X yake na tundu lake.

"Hapana," nikasema. "Aliingilia mlangoni. Mimi ndiye niliyemwachia."

"Nani?"

"Huyu."

Afande akafungua daftari. "Ni nani yako?"

"Mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Jina lake kamili?"

Nikalitaja. Hakulishika vizuri, akaniomba nirudie polepole. Basi nikamtajia herufi moja moja, kwa utaratibu uleule niliomfundishia Masudi kuliandika, chini, kwa kijiti, mbele ya mlango ule, alipokuwa na miaka mitano.